Kumpungia Asiyekuona



Leo tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 21, zile aya za mwanzo. Mtakatifu Paulo yuko safarini kwenda Yerusalemu. Meli imetia nanga Tiro kushusha shehena, naye anakaa na waamini wa pale siku 7. Siku ya kuondoka, Luka anasema, walimsindikiza wote hadi nje ya mji, pamoja na wake zao na watoto. Wakapiga magoti ufukweni, wakasali, wakaagana. Wasafiri wakapanda melini, wenyeji wakarudi makwao. Basi. Luka haongezi neno.

Wahubiri wengi hapo huendelea na safari ya Paulo. Mimi hubaki na wale watoto mchangani. Nawajua. Sisi watoto wa Masasi hatukuwa na bahari, ila tulikuwa na kiwanja cha ndege.

Nikisema kiwanja cha ndege usije ukawaza Dar es Salaam. Miaka ile, kwetu ilikuwa ni ardhi ndefu iliyosawazishwa, majani yamefyekwa, na kitambaa cha kuonyesha upepo juu ya mlingoti. Uzio hakuna. Watu wa mashambani walikatiza katikati na majembe yao begani. Mlio ukisikika kwa mbali, mzee mmoja alitoka mbio kufukuza mbuzi, nasi tukakimbia kumsaidia, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa tiketi yetu ya kukaa karibu. Tulijipanga chini ya mikorosho, midomo imejaa maji ya mabibo, nguo zina madoa ambayo mama hatayatoa kamwe. Kindege kikitua tulikuwa tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Kikiondoka tulipunga mikono yote miwili tukiimba kituletee mkate. Hakikuleta mkate hata siku moja, na hatukukidai.

Likizo nilipelekwa kwa bibi, Newala, huko juu kwenye uwanda wa Makonde. Aliyefika Newala anapajua Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linatandazwa chini yako, ng'ambo ni Msumbiji. Siku moja nikiwa pale na bibi, ndege ndogo ilipita ikifuata bonde, iko chini yetu kabisa. Niliuona mgongo wake. Hebu fikiria, mtoto anaiona ndege kwa juu kama anavyomwona kuku uani! Niliruka ruka, nikapunga. Bibi hakupunga. Watu wa umri wake walikuwa na kumbukumbu za vita vya ukombozi vya ng'ambo ile, 1964 hadi 1974, na mlio wa ndege upande wa mtoni haukuwa wimbo masikioni mwao. Lakini alifanya ishara ya msalaba, taratibu, akiifuata kwa macho hadi ikapotea. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mule ndani mna watu."

Sikujua nifanye nini na jibu hilo mpaka siku ile mama mdogo alipougua. Hali ilikuwa mbaya, ikapatikana nafasi kwenye ndege ya kwenda Dar. Bibi alishuka kutoka Newala usiku kucha, na asubuhi alikuwa pale kiwanjani Masasi, kanga mbili, rozari mkononi. Mama mdogo akapandishwa amelazwa. Panga la ndege likaanza kuzunguka, vumbi likatufunika wote, na humo ndani ya vumbi bibi akapiga magoti akaanzisha Litania ya Bikira Maria. Watoto wote wa pale waliijua, hata waliokuwa wa dini nyingine walishaizoea kwetu. Yeye anataja, sisi tunaitika "utuombee" huku tunapunga. Sala na kupunga vikawa kitu kimoja, sikuweza kuvitenganisha, na mpaka leo sijaweza.

Mama mdogo alirudi baada ya miezi mitatu, kwa basi, amekonda ila mzima. Tulimzunguka tukimuuliza kama alituona. Akacheka, akasema alichokiona siku ile ni dari ya ndege tu. Mimi niliumia, kusema kweli. Kelele zote zile! Bibi alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua uso. "Wala hatukukupungia ili utuone, mwanangu."

Mambo yamebadilika. Baada ya mabomu ya Agosti 1998 pale Dar na Nairobi, na baada ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, viwanja vya ndege kila mahali vilibana milango. Leo mtu wa Masasi akitaka kupanda ndege anasafiri karibu kilomita 200 hadi Mtwara, na msindikizaji anaishia nje. Siwalaumu wenye uzio. Watoto na mbuzi kwenye njia ya kurukia, jamani, ilikuwa ni huruma ya Mungu tu.

Lakini mwaka jana nilikuwa nje ya huo mlango, Dar, mdogo wangu wa kike anakwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Tulikumbatiana kwenye lami kati ya matoroli na madereva wa teksi. Akaingia. Kioo kilikuwa cheusi, namwona mtu yeyote na simwoni mtu. Nikaanza kupunga. Mlinzi akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Dada, ameshapita huyo." Nikaendelea kidogo.

Miezi ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Sasa ni muda mrefu ujumbe wangu unabaki na tiki moja. Tumeuliza kwa wakala, tumeuliza kwa wenzake. Kuna mtu alimwona, anafanya kazi, yupo. Hilo tu. Na rafiki yangu mmoja wa kwaya, kwa nia njema kabisa, akaniuliza: bado unamwombea mtu ambaye hakujibu hata salamu?

Vijana, najua siko peke yangu hapa. Kuna mwenye kaka aliyeacha Kanisa na hataki kusikia. Kuna mwenye baba aliyeondoka. Tumezoea simu itupe jibu sekunde hiyo hiyo, yaani tiki za buluu zimekuwa kipimo cha upendo, na tukija kwenye sala tunatafuta tiki hizo hizo. Wale watoto wa Tiro hawakupewa. Meli ilikwenda, nao wakarudi nyumbani kula. Je, sala yao pale mchangani ilipotea?

Nilipokuwa natafuta cha kushika nilirudi kwenye litania ya bibi. Inaitwa Litania ya Loreto, kwa sababu ya patakatifu pa Loreto, Italia, ambapo mapokeo yanasema nyumba ya Nazareti ilibebwa na malaika kupita angani. Papa Sixtus V aliiidhinisha mwaka 1587. Kwa ajili ya nyumba hiyo iliyoruka, Papa Benedikto XV mwaka 1920 alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani, na mwaka 2019 Papa Fransisko akaiweka kumbukumbu yake, tarehe 10 Desemba, kwenye kalenda ya Kanisa lote. Bibi hakuyajua hayo. Alipiga magoti kwenye vumbi la ndege na kuisali sala yenyewe hasa.

Juni 2020 Papa Fransisko aliongeza majina matatu kwenye litania. Mojawapo ni Faraja ya Wahamiaji. Nikifika hapo huwa nasimama, nalitaja jina la mdogo wangu kwa sauti, chumba kizima kinasikia, halafu naendelea.

Ee Mama, kuna binti yuko jikoni kwa watu, nchi ya mbali, na huenda hajui leo ni Jumapili. Kaa naye. Mkumbushe kula. Na wale ambao wenzangu wanawataja sasa hivi kimya kimya, hao nao.

Faraja ya Wahamiaji, utuombee.