Baba Amerudi Nyumbani: Je, ni Mgeni au Mwenyeji?



Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii kwa kawaida huambiwa mgeni anayekawia. Mwezi huu nataka tuitazame kwa upande mwingine. Je, ikiwa mgeni huyo ni baba mwenye nyumba? Je, ikiwa kwa miaka mingi amekuwa akija kwa siku mbili tu, na sasa amekuja kukaa?

Familia za namna hii ni nyingi katika nchi yetu, hasa kando ya ile barabara kuu itokayo bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi mpakani Malaba, na kutoka hapo kwenda Kampala na Kigali. Tangu mwaka 2018, treni ya mizigo ya SGR ilipoanza kubeba makontena kutoka Mombasa hadi Nairobi, madereva wengi wa trela walipunguziwa kazi. Wengine wamerudi kwa sababu ya umri. Tunawaombea sana wanaposafiri, lakini ni mara chache tunawaombea wanaporudi.

Wanandoa nitakaowasimulia ni waumini wa parokia yetu, upande wa Bungoma. Wameniruhusu kueleza habari zao bila kuwataja majina. Bwana aliendesha trela kwa miaka 19. Alizijua mizani za Mariakani na Gilgil kuliko alivyolijua shamba lake. Mwaka 2020, wakati wa korona, alilala siku nyingi ndani ya kabini pale Malaba akingoja majibu ya kipimo. Mwaka uliofuata mwajiri wake aliuza baadhi ya magari, na kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, akarudi nyumbani moja kwa moja.

Katika miaka hiyo 19 alikuwa akifika nyumbani mara moja kwa mwezi, akakaa siku mbili. Kuku alichinjwa. Watoto walivaa nguo safi. Mashauri magumu yaliahirishwa mpaka aondoke, hata deni la dukani halikutajwa, ili baba asiondoke na mawazo barabarani. Mama alifanya hivyo kwa upendo. Lakini tazameni matokeo yake: kwa miaka 19 bwana huyu hakuiona nyumba yake, aliona mapokezi yake tu.

Siku za kwanza zilikuwa za shangwe. Wiki ya tatu mambo yaligeuka. Bwana aliamka saa tisa usiku kama alivyozoea, akazunguka boma akikagua kufuli. Aliuliza kila shilingi imekwenda wapi. Jioni moja alimwagiza kijana wao wa Kidato cha Tatu akakate majani ya ng'ombe. Kijana hakukataa. Aligeuka tu akamtazama mama yake, akauliza, “Mama, si ulisema nianze na maji?” Bwana akainua mkono, kisha akaushusha. Hakusema neno. Akaingia chumbani, akatoa ule mfuko wake wa safari, akaanza kupanga nguo. Alikuwa na rafiki aliyetafuta dereva wa kwenda Juba.

Usiku huo mama alinitumia mtoto aniite, nami nilikwenda. Hapa lazima nikiri kosa langu. Niliwaketisha, nikamkumbusha mama yale maneno ya Mtume Paulo kwa Waefeso sura ya 5 juu ya wake kuwatii waume zao. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, aya iliyotangulia hiyo inasemaje?” Nilifungua Biblia nikaona aibu. Aya ya 21 inawaagiza wote wawili wanyenyekeane kwa kumcha Kristo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilieleza wazi jambo hili katika barua yake ya kitume Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988, kwamba utii katika ndoa ni wa pande zote mbili. Nilikuwa nimefundisha nusu ya somo.

Ndipo nikawaacha waseme wenyewe. Bwana alisema, “Kila tofali la nyumba hii lina jasho langu. Kwa nini mimi ndiye niombe ruhusa?” Mama akajibu, “Baba Watoto, ni kweli pesa ulileta. Zamani zilikuja kwenye bahasha kwa mkono wa dereva mwenzako, baadaye zikaja kwa simu. Lakini pesa haijengi. Mimi ndiye niliyesimama na fundi, mimi ndiye niliyempeleka mtoto hospitali usiku kwa miguu. Ukitaka kuendesha gari hili, kwanza uliza breki zake zikoje.”

Wapendwa wana-ndoa, hapa ndipo penye swali letu. Nyumba ni ya nani? Ni ya yule aliyeilipia akiwa mbali, au ya yule aliyeitunza akiwa karibu?

Mimi nasema kwamba swali likiulizwa hivyo halina jibu, kwa maana wote wawili wana haki, na haki mbili zikikaa mlangoni hakuna anayepita. Nyumba ya Kikristo si mali ya kugawanywa kwa hesabu ya jasho. Ni kukaa pamoja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1151, inafundisha kwamba kukaa pamoja ni wajibu wa wanandoa na pia ni haki yao, isipokuwa kuwe na sababu halali ya kutengana. Kutafuta chakula cha watoto kulikuwa sababu halali, na hakuna aliyefanya kosa. Lakini sababu hiyo ikiisha, wajibu unarudi kwa wote wawili. Mume ana wajibu wa kukaa kweli, si kupumzika tu mpaka safari nyingine. Na mke ana wajibu wa kumpa nafasi ya kukaa, si kiti cha mgeni tu.

Ndiyo maana nasema jembe si tusi. Jembe ni heshima. Kuku huchinjiwa mgeni, lakini jembe hupewa mtu wa nyumbani.

Tunasoma katika kitabu cha Yoshua, sura ya 5, kwamba wana wa Israeli walipofika Kanaani na kula mazao ya nchi, mana ilikoma. Walikuwa wamezoea chakula cha njiani, kinachookotwa kila asubuhi. Sasa iliwabidi walime na kungoja mvua. Naona ndivyo ilivyo kwa mtu wa barabara. Posho ya safari imekoma, na heshima ya kupokewa imekoma pia. Chakula cha nyumbani huchelewa kuiva.

Basi wafanyeje? Nitawaeleza waliyoyafanya hawa.

Kwanza, bwana aliomba kufundishwa. Alikaa na mkewe na daftari, akaelezwa karo, madeni, bei ya mbolea, na majina ya watu wanaoisaidia nyumba. Haikuwa rahisi. Alisema ni kama kurudi kuwa tanboi.

Pili, mama alimkabidhi kazi moja kamili. Alimpa ng'ombe: kulisha, kukamua, kupeleka maziwa na kupokea malipo. Mwezi wa kwanza maziwa yalipungua, kwa sababu bwana alibadilisha chakula. Mama aliona, akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba kunyamaza huko kulimgharimu kuliko miaka yote ya kulala peke yake. Akina mama, sikieni hapo. Ukimpa mwenzako jembe, usisimame nyuma yake ukimwonyesha kila tuta. Na akina baba, jueni kwamba aliyekuachia kazi aliyoiweza amekupa kitu cha thamani.

Tatu, walikubaliana kwamba mtoto asipewe amri mbili. Wasipoafikiana, wangoje usiku, waongee wawili. Bwana alimwita kijana wake akamwomba radhi kwa ule mkono alioinua. Kijana alilia.

Nne, yapo mambo ya njiani. Si kila dereva amekosa uaminifu, wala si kila aliyebaki nyumbani ameushika. Tusimhukumu mtu kwa kazi yake. Lakini miaka ya kutengana huacha maswali, na swali lisiloulizwa huoza. Dhambi ipelekwe kwa padre katika Kitubio. Na juu ya afya, upendo unadai ukweli: mkapimwe wote wawili kabla ya kurudia unyumba. Siku hizi dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zipo, na anayezitumia vema anaweza kuishi miaka mingi. Wanandoa hawa walikwenda siku moja, wakakaa kwenye benchi moja. Majibu ni yao.

Tano, kuitamani barabara si dhambi. Nyumba yao iko karibu na barabara kuu, na usiku bwana husikia trela zikipunguza gia kwenye mteremko. Zamani mkewe alikasirika akimwona anasikiliza. Sasa humwuliza, “Hiyo imebeba nini?” Naye hueleza, na kwa njia hiyo mama ameanza kuijua ile miaka 19 ambayo hakuwapo.

Tumkumbuke Mtakatifu Yosefu. Yeye pia alikuwa mtu wa safari: Bethlehemu, Misri, kisha akarudi na kukaa Nazareti. Injili hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Tunajua tu kwamba alikuwa seremala, naye Yesu alijulikana kama mwana wa seremala.

Bwana yule bado huamka saa tisa usiku. Mazoea ya miaka 19 hayaishi kwa miezi michache. Lakini mfuko wa safari sasa huwekewa chumvi ya ng'ombe. Hawajamaliza kugombana, ila hakuna anayetaja Juba tena.

Leo usiku, watoto wakilala, ulizaneni maswali haya mawili. Mume amwulize mkewe: Ni jembe gani hujanipa, na kwa nini? Mke amwulize mumewe: Ni jembe gani nilikupa ukaliacha chini? Msijibizane usiku huo huo. Salini pamoja Baba Yetu, mlale, mjibu kesho.

Mungu awabariki.