Andiko Liandikwe Mkekani

Andiko la kuombea mkopo, likiwa la kununua, halijifichi. Nimewahi kushika la akina mama wafuga kuku: kurasa kumi na nne, jogoo kapambwa juu ya jalada, halafu ukurasa wa tisa likajitokeza jina la kikundi cha washona viatu. Kijana wa steshenari alisahau kulifuta. Akina mama walikuwa wamemlipa, na kuku wao walikuwa wa kweli kabisa. Waliwika tukiwa tunasoma.

Ndugu zangu wa vikundi, mkopo wa halmashauri ni haki yenu; msiiuze kwa steshenari. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejea 2024, na waombaji ni wengi kuliko fungu. Ni mashindano, tusidanganyane.

Basi jioni ya leo tandikeni mkeka. Katibu ashike kalamu, mweka hazina alete daftari, na yule bibi anayejitetea kila kikao kwamba hakusoma, yeye ndiye aanze. Kuku wangapi walikufa masika? Ulimuuzia nani, kwa bei gani? Nani bado anadaiwa? Majibu yake hayamo kwenye kompyuta ya mtu yeyote mjini.

Kisha pigeni hesabu hadi kichwa kiume. Mnataka vifaranga 300 wa nyama? Mkikadiria kila mmoja atakula kilo tatu na nusu hadi auzwe, hiyo ni kilo 1,050, yaani mifuko 21 ya kilo hamsini. Andikeni 21, na bei ya dukani pembeni. Wekeni na wa kufa: tuseme 15, wabaki 285 wa kuuza. Mtaogopa kwamba kutaja vifo kutawaharibia. Aliyewahi kufuga akiona bajeti ambayo hakuna kifaranga anayekufa, anajua kaletewa ndoto. Na ule mstari wa "mengineyo" uliobeba laki tano, ufuteni. Hakuna aliyewahi kuutetea mbele ya kamati bila kutokwa jasho.

Kiswahili kiwe chenu. "Tutauza kwa mama lishe wanne wa stendi, kila Ijumaa" ni sentensi inayosimama yenyewe. "Kuwajengea uwezo wadau" waachieni wenye semina.

Mlinyimwa mwaka jana? Mwendeeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mwulizeni kwa adabu palipopungua, na msiondoke bila jibu. Pengine ni muhtasari wa kikao usio na sahihi tu.

Taa ikizimika, washeni tochi ya simu. Bibi hajamaliza kuhesabu, na hapo kwenye masika alisema kuku kumi na wawili, si kumi.