Njia ya Kuazima

Kwa miaka mingi mama yangu mdogo alikwenda sokoni kwa kufuata reli, baina ya Moshi na Arusha. Treni zilikuwa zimekoma kupita. Majani yaliota kati ya mataruma na mbuzi walilala juu ya tuta. Njia ile haikuwa na mlima wa ghafla, wala haikuzama matopeni wakati wa masika. Mwenye mkungu wa ndizi kichwani angepata wapi njia bora kuliko hiyo?

Kisha matengenezo yakaanza. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Mimi nilishangilia. Mama mdogo akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nipite wapi?" Sikuwa na jibu.

Wapo wasemao kuwa njia ni ya aipitaye. Wengine husema reli ni reli, na atembeaye humo ni mvamizi tu. Nimezipima kauli hizi mbili, na kila moja naiona imepungukiwa.

Hebu tutazame kusini. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ilifungwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Anayetamani treni huko leo hana budi kuanza upya. Reli ya Tanga hadi Arusha, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Arusha mwaka 1929, ilisinzia tu, ndiyo maana iliweza kuamka.

Wamarekani walilitambua jambo hili. Tangu mwaka 1983 sheria yao inaruhusu reli isiyotumika igeuzwe njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kwa sharti kwamba treni ikihitajika tena, inaweza kurudi. Kwa lugha yetu, hiyo ni amana. Aliyekabidhiwa amana anaweza kuitumia kwa idhini, lakini hawezi kuifanya mali yake. Kwa hiyo nakubali kwamba treni ilikuwa na haki ya kurudi.

Lakini amana ina pande mbili. Mwenye mali arudipo, haifai amsukume kando aliyekuwa akiishi kwayo, kana kwamba hakuwahi kuwapo. Kijia kando ya tuta na kivuko cha salama si sadaka kwa mama mdogo, ni deni. Treni hubeba mamia ya watu, nami ni mmoja wao, lakini wingi wetu haufuti haki ya mtu mmoja.

Siku hizi yeye hupita ukingoni mwa barabara kuu, magari yakimpita kwa kasi. Afikapo penye reli na treni inakuja, husimama na mkungu wake kichwani, akaipisha. Kupisha si vibaya. Kibaya ni kwamba siku zote anayepisha ni yeye.