Nyeupe Iliyo Chini ya Uso

Printa ya kawaida haina wino mweupe. Ile ya saiba unakochapia barua ya kuomba kazi ina samawati, majenta, manjano na nyeusi, basi. Nyeupe ni ya karatasi yenyewe. Ukiona meno ya mwanasiasa yaking'aa kwenye bango, hapo hakuna kilichochapwa. Ni mahali palipoachwa wazi. Jambo hili halimsumbui mtu mpaka siku unapochapa juu ya kitu kinachopitisha mwanga, kama stika ya kioo. Hapo unahitaji wino mweupe kwelikweli, utandikwe kwanza, ili rangi nyingine zipate pa kusimama.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Kericho mjini. Natayarisha faili za mabango na stika kubwa. Wino mweupe una tabia zake. Ndani yake kuna titani dioksaidi, unga mzito unaopenda kutuama chini ya chupa, kwa hivyo lazima utikiswe mara kwa mara, la sivyo unaziba vitundu vya printa na bosi anakuita kwa majina yako yote matatu. Kwenye faili, nyeupe unaichora kama rangi ya pekee na kuipa jina. Ukikosea herufi moja tu ya jina hilo, programu haiitambui, na unaweza kujikuta umechapa majenta mahali pa nyeupe. Kisha unaipunguza ukingoni, upana wa unywele hivi, isije ikachungulia nje ya picha kama shimizi chini ya sketi. Ukiifanya vizuri, hakuna atakayejua ilikuwepo.

Sasa, kuna mama anauza chai ya pakiti kando ya barabara ya kwenda Kisumu. Alitaka kioo cha mbele cha duka kibandikwe picha ya mchumaji: mwanamke mweusi kama sisi, aproni nyeupe ya plastiki, kikapu mgongoni, mkono umeshika majani mawili na chipukizi. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Sikuichora nyeupe kwa mkono. Programu inaweza kuitengeneza yenyewe, nami nikachagua mpangilio tuliouzoea, ule wa vibao vyeusi vya milango ya ofisi. Mpangilio huo una hesabu yake: penye mwangaza unaweka nyeupe nyingi, penye giza unaweka kidogo au unaacha kabisa, maana kibao chenyewe ni cheusi, ya nini kupoteza wino? Kwa kibao ni sawa. Na juu ya meza yetu picha ilitoka safi, kwa sababu karatasi ya nyuma ya stika ni nyeupe.

Tulipoibandua na kuibandika kiooni, aproni ilibaki imara. Kikapu kikabaki nusunusu. Uso ukaondoka. Mchana ulimezwa na giza la ndani ya duka. Jioni taa zilipowashwa, ungeona rafu za pakiti zikipita katikati ya paji la uso wake.

Mwenye duka aliangalia, akasema, "Si mbaya. Chai inaonekana." Bosi akanivuta kando. "Kijana, mteja ameridhika. Wewe unalia nini?"

Swali zuri. Nalia nini? Mwanamke wa pichani hajui, na huenda hatawahi kupita pale. Hakuna aliyekusudia kumfuta. Pesa imelipwa. Kwa hesabu ya bosi, kosa ni kitu chenye mlalamishi. Pasipo mlalamishi, kuna kazi imekwisha. Lakini hata yeye haamini hivyo. Ukimsengenya marehemu mbele yake hakuna atakayekushtaki, na bado bosi atakwambia unyamaze, umwache mtu apumzike. Anajua kuna deni linalodaiwa hata kama mdai hayupo.

"Ni mashine," akasema baadaye. Ndiyo, ni mashine. Ila mashine hufanya walichofikiria waliowahi kuipanga. Miaka mingi studio za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Uso wake ulikuwa ndio kipimo, na wenye ngozi nyeusi wakitoka gizani, macho na meno tu. Sidhani kuna aliyekaa kikao kuamua tufutwe. Inatosha kwamba hatukuwa akilini mwa mtu wakati kipimo kinawekwa. Na mpangilio wangu haukuwa na ubaya hata huo. Mbaya ilikuwa mimi kuuchukua bila kuangalia unamwekea nani nyeupe na unamnyima nani. Aristotle anataja sheria iliyomwongezea mlevi adhabu maradufu, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutolewa. Alipofanya kosa hakujua anachofanya, sawa, lakini kutojua huko alikunywa mwenyewe. Mimi haraka yangu niliinywa mwenyewe.

Pingamizi linalonitesa ni jingine. Hii ni picha tu, bana. Ukimrudishia uso, je, bei ya kilo itapanda? Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai hapa Kericho, wakilia kwamba zinakula kazi za watu. Mwanamke mwenye kikapu anapunguzwa shambani, huku sisi tukiendelea kumchapa kwenye vioo kwa sababu anauza. Picha inakaa, mtu anaondoka. Ningependa kukwambia kwamba kurudisha uso ule kulikuwa haki. Hapana. Kulikuwa kukataa kuongeza juu ya rundo, na hicho ni kitu kidogo sana. Nimejaribu kukikuza, hakikui.

Niliirudia hata hivyo. Stika mpya ikakatwa kwenye mshahara wangu, na bosi hakuwa na ubaya alipokata. Alifanya hesabu mbele yangu. Nilikaa jioni nzima nikiichora nyeupe kwa mkono: uso, shingo, vidole, hadi kucha. Nilipomwonyesha mwenye duka kwenye kompyuta, akainama karibu na skrini. "Kwa vile unaweka nyeupe, basi mfanye awe mweupe kidogo. Apendeze."

Nikamweleza kwamba nyeupe ya chini haimfanyi mtu mweupe. Inazuia mwanga usipite, ili weusi wake uonekane kama ulivyo. Bila hiyo, hata nyeusi haiwi nyeusi, inakuwa kivuli. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa kitu. "Sawa," akasema, "lakini meno yang'ae." Meno nikamwachia.

Iko pale hadi leo, inanyeshewa karibu kila alasiri, ukingo mmoja umeanza kujikunja. Ukisimama nje unamwona mwanamke. Lakini siku niliyoingia kununua robo kilo, nilimkuta msichana wa kaunta ameketi upande wa pili, na kwa ndani hakuna uso wala aproni. Kuna umbo jeupe tupu lenye kikapu, limempa mgongo au limemtazama, huwezi kujua. Nikamuuliza kama halimsumbui. Akasema asubuhi linamkinga jua.