KUUZA NA KUNUNUA NYUMBA WAKATI WA KIANGAZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ndugu muislam, ninakuusia wewe na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah, msikitini na katika biashara. Amma baad.

Kila mwaka mvua inapokatika, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, hapa Kindu nyumba zinauzwa. Njia zinapitika, kuta zimekauka, na korongo lililo nyuma ya parsele linaonekana kama shimo la watoto kuchezea. Muuzaji anapaka chokaa, komisionere anakuleta mchana, unaona nyumba safi. Mwezi wa tisa mvua inarudi. Unatega masufuria chini ya manjanja yenye matundu, maji ya jirani yanapita katikati ya uwanja wako, na kila asubuhi korongo limesogea. Makuta yako yamekwisha kwenda.

Imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula kinachouzwa, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipouliza, mwenye mali akajibu kuwa kimenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Fikiri juu ya jibu la yule mchuuzi. Hakusema uongo. Mvua ni ya Allah, na kunyeshewa si dhambi. Dhambi ilikuwa kuweka kikavu juu. Basi nyumba yako kuvuja si aibu yako, na kuitengeneza ni jambo jema. Lakini chokaa uliyopaka ili kufunika alama ya maji ukutani, hiyo ndiyo nafaka kavu iliyowekwa juu ya iliyolowa.

Utasema: «Imamu, nikieleza yote, bei itashuka.» Ndiyo, itashuka. Kile kinachoshuka hakikuwa chako. Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, wakificha, baraka inafutwa. Na neno «nimekuuzia kama ulivyoiona» halimwokoi muuzaji aliyekuwa anajua mvua inaingia wapi. Mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya kununua, na ambayo hakuelezwa, sheria yetu inampa hiari ya kuirudisha nyumba na kuchukua mali yake, au kubaki nayo. Lakini asikae humo miezi mingi amenyamaza, halafu ndipo adai. Na bati lililong'olewa na upepo baada ya kununua, hilo ni lake.

Wewe mnunuzi, usimwachie muuzaji kazi yote. Nenda kwa majirani bila komisionere, uwaulize maji ya masika yanafika wapi. Tazama chini ya ukuta, tazama msingi. Kama nyumba iko karibu na mto, waulize wazee. Kama unaweza kungoja mvua ya kwanza, ngoja. Kama huwezi, pataneni sehemu ya bei ilipwe tarehe maalumu ya mwezi wa kumi na mbili. Kulipa kwa mafungu kwa muda unaojulikana kunaruhusiwa. Abu Rafi' (r.a.) alimuuzia jirani yake, Sa'd bin Abi Waqqas, vyumba vyake viwili kwa mafungu, ingawa mwingine alimtolea bei kubwa zaidi, kwa ajili ya haki ya jirani. Kwetu jirani ndiye wa mwisho kupata habari!

Na usimkamue mwenye shida. Mtu anauza kwa sababu mtoto yuko hospitali, nawe unamtolea nusu ya bei kwa kuwa unajua hana la kufanya. Huo si werevu.

Kuna ila nyingine ambayo mvua haiionyeshi. Umeona mara ngapi maandishi ukutani: nyumba hii haiuzwi? Mwenye kuandika anaogopa ndugu yake mwenyewe. Baba amefariki, mtoto mkubwa wa kiume anapata karatasi kwa shefu wa kartie, anauza, na mama yake anatolewa nje na vyombo vyake. Katika Suratun-Nisaa Allah amegawa mwenyewe: mke wa marehemu aliye na watoto ana sehemu moja ya nane (1/8), na binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Binti aliyeolewa Kibombo au Kasongo bado ni mrithi. Anayeuza fungu lao bila idhini yao ameuza kisicho chake, na anayenunua huku anajua ni mwenzake. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu hata shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba.

Kwa upande wa Serikali pia, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parsele inathibitika kwa sertifika iliyoandikishwa. Karatasi ya kartie peke yake haitoshi. Uliza sertifika iko kwa jina la nani. Ikiwa ni la marehemu, waite warithi wote, wanawake kwa wanaume, kila mmoja aseme mwenyewe.

Mkikubaliana, andikeni, kama Suratul-Baqara aya ya 282 inavyotufundisha juu ya madeni, na muwe na mashahidi. Katika karatasi hiyo, chini ya bei, muuzaji aandike kwa mkono wake: bati linavuja chumba fulani, maji yanapita upande fulani, korongo liko hatua kadhaa. Mnunuzi atie sahihi hapo hapo.

Wabillahi tawfiq.