RAMADHANI 23: AMESAMEHEWA NANI?

Leo mnivumilie kidogo, maana naanza na kosa langu mwenyewe.

Idi iliyopita, baada ya swala na pilau, watoto wa hapa Ilagala walijaa uwanjani. Si mnawajua, nguo mpya, miwani ya plastiki, kelele. Vijana walikuwa wamefunga pembea ya mbao, shilingi mia mbili unapanda. Pembeni, chini ya mwembe, alikaa mama mmoja amempakata mwanawe wa miaka tisa hivi. Mtoto ana mtindio wa ubongo, hatembei. Alivalishwa kanzu mpya kama wenzake, na macho yake yalikuwa kwenye pembea: ikienda naye anakwenda, ikirudi naye anarudi. Dada yake, binti wa miaka kumi na mbili, alisimama nyuma yao ameshika kitambaa cha kumfutia mate. Naye hakucheza siku ile.

Nikaona nimfariji. Nikasema, "Dada yangu, usihuzunike. Huyu kasamehewa, hana hesabu huyu."

Akaniangalia, akajibu taratibu tu, "Kuswali na kufunga kasamehewa, ustadhi, nashukuru. Na kucheza nako kasamehewa?"

Nikacheka kidogo, vile tunavyochekaga tukikosa jibu. Nikaaga nikaondoka.

Mwaka mzima neno lile limenikaa. Maana nilichomwambia si uongo. Dini yetu ni nyepesi kwa mwenye udhuru: mgonjwa anakula mchana, asiyeweza kusimama anaswali amekaa, asiyeweza kukaa anaswali amelala ubavu. Lakini ruhusa ile ni ya nani? Ni ya mwenye udhuru. Mimi niliichukua ruhusa ya mtoto nikaitia mfukoni mwangu. Kwa kuwa yeye halazimiki kuja, nikaona sisi hatulazimiki kumtengenezea njia. Kwa kuwa hana dhambi akibaki nyumbani, basi abaki. Na mama yake abaki. Na dada yake abaki. Familia nzima tukaipa ruhusa ambayo haikuiomba.

Mwezi huu namkumbuka sana Abdallah bin Ummi Maktum, Mungu amridhie. Kipofu. Wengi tunamjua kwa sababu ya Suratu Abasa, iliyoshuka Makka alipokuja kwa Mtume (s.a.w.) wakati wakubwa wa Kikureshi wameketi pale. Ila kuna habari yake nyingine inayotuhusu kila alfajiri ya Ramadhani. Madina kulikuwa na waadhini wawili. Bilali aliadhini usiku bado upo, na watu waliendelea kula. Aliyefunga daku alikuwa Ibn Ummi Maktum. Mji mzima ulitua tonge kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri! Aliwezaje? Watu walimwambia: kumekucha, kumekucha. Basi. Hawakumwambia umesamehewa, kalale, tutamtafuta mwenye macho.

Imepokewa pia kwamba kipofu mmoja, na wanazuoni wengi wanasema ni huyu huyu, alimwomba Mtume ruhusa ya kuswali nyumbani. Akaruhusiwa. Alipogeuka kwenda akaitwa, akaulizwa kama anausikia mwito wa swala. Akasema ndiyo. Akaambiwa auitikie. Hadithi hii wanazuoni wameijadili sana na mimi si wa kuimaliza hapa. Ninachokitazama ni udhuru alioutaja. Hakusema sina macho. Alisema sina wa kuniongoza mpaka msikitini. Upungufu aliokuja kuulalamikia haukuwa mwilini mwake, ulikuwa njiani.

Sasa njoo hapa kwetu. Mtoto yule ana kitimwendo, alipewa msaada. Ukienda kwao utakikuta kimeanikiwa nguo, kwa sababu uani ni mchanga, uwanjani ni mchanga, na kila mlango wa maana una ngazi. Nimewahi kukiona kikifanya kazi yake mara moja tu, kwenye kivuko cha kwenda Kajeje, siku walipokuwa wanavuka Malagarasi kwenda kwa bibi yake. Mlango wa kivuko ulishushwa mpaka ardhini ili gari lipande. Lori likapita, bodaboda na madumu yake ya mawese ikapita, na mtoto akapita kwa magurudumu yake, dada yake anasukuma mbio, wote wawili wanacheka. Hakuna aliyembeba, wala hakuna aliyemhurumia. Lori lilikuwa limemtengenezea njia bila kukusudia. Na sisi tunaokusudia mema je?

Hapo ndipo kosa langu la pili. Nipo kwenye kamati ya ujenzi ya msikiti wetu. Tulipojenga baraza, nilikuwepo. Ngazi tatu, kila moja sentimita 15. Tukazipaka rangi ya kijani, tukapiga na picha. Saruji ilikuwepo, fundi alikuwepo, pesa za wahisani zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: na yule? Maliwato ndiyo usiseme. Mlango mwembamba, choo cha kuchuchumaa, hakuna hata bomba la kushika ukutani. Wazee wetu wa magoti wanateseka humo humo wamenyamaza.

Najua kuna atakayesema, jamani, sisi shule zetu zenyewe vyoo ni shida, wewe unaleta habari za pembea? Hoja ina uzito, siidharau. Ila mbao za pembea zilishanunuliwa, na ngazi zilishakula saruji. Sheria nayo ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na mkataba wa kimataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009 unataja hadi haki ya mtoto mwenye ulemavu kucheza na wenzake. Lakini sitaki tungoje halmashauri kwa jambo la futi chache.

Mteremko mzuri wa kitimwendo ni hivi: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Baraza letu lina sentimita 45, kwa hiyo ni mita tano na nusu hivi, ukuta wa upande wa kisima unatosha. Mlango wa choo kimoja upanuliwe ufike sentimita 90. Na pembea moja kati ya zile iwe na kiti chenye mgongo, pande za kuegemea na mkanda kifuani. Mafundi wetu wa mitumbwi wanaunganisha mbao zikapigwa na mawimbi ya Tanganyika zisivuje, kiti cha mtoto kitawashinda?

Mtume (s.a.w.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akaona vibaya kumharakisha kabla hajatosheka. Swala ile, na watu wote waliokuwa nyuma yake, walisubiri mtoto amalize kucheza.

Jana baada ya tarawehe nilikwenda kwa yule mama. Nilimwambia nililokosea, nikamuuliza kiti kiweje, maana yeye ndiye ajuaye shingo ya mwanawe inavyolegea. Akatoka na kanga, akanionyesha anavyomfunga mgongoni: fundo la kwanza liwe hapa chini ya kwapa, la pili hapa. Binti akaingilia, "Na mkanda usimbane tumbo, anacheua."

Fundi anakuja leo baada ya Alasiri kupima. Mwenye mbao za mninga zilizobaki, au nusu mfuko wa saruji, auache kwa muadhini. Zimebaki siku sita au saba.