Sufuri na Pengo

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza iliyonilipa ilikuwa kuhesabu magari. Unakaa kando ya barabara na karatasi. Matatu ikipita unachora kijiti, lori likipita unachora kijiti. Siku ya pili mvua ilinyesha vibaya, nikakimbilia kibanda cha chai. Niliporudi, dakika arobaini zilikuwa zimeenda. Nikaangalia namba za saa iliyotangulia, nikapunguza kidogo hapa, nikaongeza kidogo pale, nikajaza. Jioni nikalipwa pesa yangu yote. Hakuna aliyejua.

Sasa, kuna mtu niliyemkosea? Msimamizi alitaka karatasi iliyojaa, akaipata. Barabara haikulalamika. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba huo si uongo kama hakuna aliyeumia.

Kisha nikasoma kuhusu Hawk Mountain, mlima ulioko Pennsylvania, Marekani. Kuanzia Agosti hadi Desemba, tai, mwewe na kozi huhamia kusini wakifuata mgongo wa milima hiyo. Upepo ukigonga mteremko hupanda juu, nao hubebwa bila kupiga mabawa sana. Zamani wawindaji walijipanga pale juu na kuwamiminia risasi, wengi wao kwa mchezo tu. Kuna aina moja ya kipanga ambayo serikali ya jimbo ililipa dola 5 kwa kila aliyeuawa. Mwaka 1934, mama mmoja wa New York, Rosalie Edge, aliukodi mlima huo na kumweka Maurice Broun kuulinda. Broun akazuia bunduki. Pia akaanza kuhesabu.

Hebu fikiria hiyo kazi. Darubini shingoni, baridi, macho angani, na saa nzima inapita bila ndege hata mmoja. Unaandika sufuri. Nani anaihitaji sufuri hiyo? Broun mwenyewe hangeweza kujua. Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa 1939, yeye akiwa ameshaanza kuhesabu miaka mitano nyuma. Lakini Rachel Carson alipoandika Silent Spring, kitabu kilichotoka 1962, namba za mlimani zilikuwa zinamngoja. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai wenye kichwa cheupe waliopita walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959, asilimia 20. Wakubwa bado walipita. Watoto ndio waliokuwa wakipotea. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani. Yaani jibu lilianza kuandikwa kabla swali halijazaliwa.

Najua utakachosema. Kuhesabiwa hakuokoi mtu. Sisi tulihesabiwa kwenye sensa ya 2019 na mtaani kwetu mitaro bado imeziba. Hata wawindaji walihesabu, ila wao walihesabu mizoga. Ni kweli, namba peke yake haina huruma. Lakini anayehesabu anamwandikia mtu ambaye bado hamjui, na mtu huyo hana njia ya kurudi kwenye ile siku asimame kwenye mvua yangu. Ananiamini kwa sababu hana namna nyingine. Labda ataamua mahali pa kuweka kivuko cha watoto wa shule kwa kufuata magari yangu ya kubuni. Basi huyo ndiye niliyemkosea, na hata sura yake siijui.

Kuna kitu kingine kilichonichoma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Broun aliingia jeshi la majini na hesabu ikakatika. Ingekuwa rahisi sana kuchukua wastani wa miaka ya nyuma na kujaza. Hawakujaza. Pengo liko hadi leo. Sufuri inasema: nilikuwepo, sikuona kitu. Pengo linasema: sikuwepo. Zote mbili ni kweli. Mimi niliandika kitu cha tatu.

CV yangu ina miaka miwili isiyo na kitu, tangu nilipotoka chuo. Wasee hunishauri, "Si uandike tu ulikuwa na biashara, nani ataenda kuangalia?" Wiki jana nilituma maombi ya kazi, nikaiacha miaka hiyo wazi. Bado sijajibiwa.